Pampu ya Mjane

"Tuanze upya," Inspekta alisema. "Spana iliyokutwa sakafuni kwa Afisa Ruzuku ni ya nani?"

"Yangu."

"Na damu iliyokuwa kwenye hiyo spana?"

"Ya kwake, nadhani. Yangu bado ninayo."

Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kuficha kicheko. Inspekta alimkazia macho mpaka kikohozi kikapona.

Fundi alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vyenye weusi wa grisi ambao sabuni ya mahabusu ilikuwa imeshindwa kuutoa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za visima vya wakulima. Maswali mengine yote aliyajibu bila matata. Spana iliibwa karakanani kwake wiki iliyopita. Hapana, hajui nani aliiiba. Ndiyo, aligombana na Afisa Ruzuku dirishani, mbele ya foleni nzima ya wakulima, akamkaba kola. Sababu? Mambo ya ukoo.

"Jumatatu mchana ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo gari lilipokuwa linakwama kila siku. Fundi aligeuza uso, akautazama ukuta.

Inspekta alikuwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo, na kitu kilichokuwa kikimkera kuliko wezi na wauaji ni mtu anayejinyonga mwenyewe huku yeye anamtazama. Kesi yenyewe mtoto angeielewa. Serikali hulipa ruzuku kila msimu kwa wakulima wa wilaya ile, na mlipaji alikuwa Afisa Ruzuku, katika ofisi yake nyuma ya ghala la ushirika. Jumatatu alifunga dirisha ili ale chakula cha mchana. Mhudumu aliporudi kuosha sahani alimkuta chini, kichwa kimepasuliwa, spana ya Fundi kando yake. Spana, ugomvi, na mtu asiyetaka kusema alikuwa wapi: mafiga matatu hayo, na Mkuu wa Kituo alikuwa ameshateleka chungu. Kesho asubuhi faili liende mahakamani, basi.

"Unajua mwendesha mashtaka ataomba nini?"

"Kitanzi."

"Na wewe huna la kusema."

"Mimi sina mke wala mtoto, Afande. Andika unavyotaka."

Inspekta alifunga kalamu. Alitoka nje bila kuaga, Sajini akimfuata nyuma huku anapangusa vumbi kwenye kiatu.

"Umesikia alivyojibu?" alimuuliza Sajini uani.

"Nimesikia, Afande. Amekata tamaa."

"Hajakata tamaa hata kidogo. Nimemuuliza habari za shingo yake, amenijibu habari za mke na mtoto. Mtu hajibu hivyo ila kama kuna mke na watoto wa mtu mwingine anaowalinda. Ana ndugu?"

"Alikuwa na kaka mmoja. Kafa mwaka juzi, hospitali ya mbali huko. Mimi mwenyewe nilikwenda kuzika. Wazazi walitangulia zamani. Amebaki shemeji yake, yule mjane wa shamba la nyanya."

"Washa gari."

* * *

Kiangazi kilikuwa kimeyakausha mashamba ya pande zote mbili za barabara. Mvua ilinyesha mara moja tu mwezi ule, Jumapili, ikapiga kama inayodai deni, maji yakakimbilia mtoni kabla ardhi haijayanywa, kisha ikapotea. Mabua yalisimama yamejikunja. Ndiyo maana shamba la mjane lilionekana kutoka mbali: nyanya zilikuwa kijani kibichi, zimefungwa kwenye miti yake, na mifereji kati ya matuta ilikuwa bado inameremeta kwa maji.

"Mjane anajiweza," Sajini alisema.

"Wajane hupewa ruzuku mara mbili ya wenzao," Inspekta alisema. "Na huwa wa kwanza kulipwa. Wewe hujui?"

"Afadhali mke wangu asijue."

Mjane aliwapokea uani. Alikuwa mwanamke mnene wa uso mchangamfu, lakini uchangamfu wenyewe ulikuwa unasitasita siku hiyo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, umening'inizwa shingoni kwa kanga.

"Karibuni, karibuni. Shemeji yangu hajambo huko?"

"Hajambo ila anakaribia kufa," Inspekta alisema. "Pole na mkono. Umeumia lini?"

"Mwezi uliopita, Afande. Niliteleza kwenye mfereji. Nitafunguliwa wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Jumatatu ulimwona shemeji yako?"

"Jumatatu? La. Hata kidogo. Ana siku nyingi hajafika."

Jibu lilitoka haraka mno, kama chenji iliyokwisha kuhesabiwa. Inspekta hakubisha. Aliomba maji ya kunywa, na mjane alipogeuka kwenda jikoni alimwambia asihangaike, atajitekea mwenyewe pale kisimani.

Kisima kilikuwa pembeni mwa ua, kimezibwa kwa zege, juu yake pampu ya mkono ya chuma. Inspekta alipiga mpini mara mbili tu, maji yakaruka. Alikunywa, akajifuta, halafu akachuchumaa huku magoti yake yakilalamika. Nati zilizoishika pampu kwenye zege zilikuwa na grisi mpya, ya rangi ya asali. Kwenye majani makavu kando ya kisima palikuwa na mistari mirefu ya matope mekundu ya kutu, mstari kando ya mstari, mahali mabomba yalipotolewa kisimani yakalazwa.

"Pampu yako nzuri," alimwambia mjane aliyekuwa amewafuata. "Ilitengenezwa lini?"

"Aa, hiyo? Zamani. Tangu kabla ya mavuno."

"Njoo uone kitu, mama." Inspekta alimwonyesha mistari. "Jumapili ilinyesha mvua iliyobomoa hadi daraja la chini. Tope hili lingekuwa la zamani, lingesombwa. Kwa hiyo mabomba haya yalilala hapa baada ya Jumapili. Mtu anayetengeneza pampu katika wilaya nzima hii ni mmoja, na Jumatatu jioni nilimtia ndani. Haya, yalitolewa lini?"

Mjane alianza kuufuta mstari mmoja kwa kidole cha mguu.

"Mama, sikukuuliza ili nikutege. Ukisema ndiyo, unamtoa mtu kwenye kamba."

"Jumatatu," mjane alisema polepole. "Alikuja asubuhi. Akaondoka jioni. Ndiyo, alikuwa hapa, Afande. Siku nzima alikuwa hapa. Naapa."

"Ehee!" Sajini alipiga makofi. "Si ungesema tangu mwanzo, mama? Tunazungushana kwa nini?"

Lakini Inspekta hakufurahi. Alikuwa anautazama ule mkono wa plasta.

"Ulikuwapo akifanya kazi?"

"Nilikuwapo."

"Nani alimsaidia kutoa mabomba?"

"Mimi."

"Kwa mkono upi?"

Mjane aliufunika mkono wa plasta kwa ncha ya kanga.

"Sajini, vua shati."

"Afande?"

"Vua shati, ufungue pampu. Spana iko garini."

Ikawa kasheshe. Sajini alikuwa mtu wa mwili, na aliwahi kujigamba kwamba alibeba ng'ombe, lakini hakuwahi kusema ng'ombe wa umri gani. Alifungua nati, akainua kichwa cha pampu, akashika bomba la kwanza na kulivuta. Lilipanda kidogo. Chini yake kulikuwa na jingine lililoungwa nalo, na chini ya hilo jingine, hadi majini. Alikaza miguu, akavuta tena mpaka maungio yakatokeza juu ya zege. Sasa alihitaji kufungua maungio hayo, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mzigo.

"Fungua basi," Inspekta alisema.

"Nifungue na nini, meno? Nikiachia mkono yanaingia kisimani yote!"

"Kwa hiyo mmoja anashika na mmoja anafungua."

"Afande, nishikie, nakufa!"

Inspekta alimshikia. Walirudisha bomba kwa taabu, Sajini akaketi kwenye zege akihema, tumbo na mikono vimepakwa kutu.

"Basi umeona, mama," Inspekta alisema. "Mahakamani watafanya hivihivi. Watakuuliza nani alishika. Utasema mimi. Watautazama mkono wako, watacheka, na neno lako lote la Jumatatu litatupwa jalalani. Shemeji yako atanyongwa huku wewe umesema kweli. Namtaka aliyeshika bomba. Huyo ndiye shahidi wangu."

"Alikuwa kibarua. Mpita njia tu."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza."

"Ulimlipa?"

"Nilimpa chakula."

"Mtu akae kwako kutwa, ale chakula chako, na wewe mwanamke mwenye mdomo mzuri hivi usimuulize hata jina?"

Sajini alijisafisha koo. Alikuwa anavaa shati. "Afande, na tusemezane kikubwa. Huenda mama ana mtu wake. Si dhambi, mume kashafariki. Ila jamaa huyo ana mke kwake, haya, ndiyo hivyo."

Mjane aliinua uso.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo hivyo. Nina mwanamume. Siwezi kumtaja."

Sajini alijaa fahari. Inspekta kwa muda alielekea kuamini. Hiyo ingetosha: Fundi anamsitiri shemeji yake, shemeji anamsitiri mwanamume wa watu. Lakini alikuwa amewahoji wanawake wengi wenye wanaume wa siri, na hakuwahi kumwona hata mmoja aliyeupokea uvumi kama huo kwa shukrani. Uso wa mjane ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama sana. Mtu hukubali aibu haraka namna hiyo akiwa anaificha nyingine iliyo kubwa zaidi.

Inspekta alianza kutembea uani. Alipita jikoni. Palikuwa na sahani zimeanikwa, sufuria, ndoo. Alipita banda la kuku. Mwisho wa ua kulikuwa na stoo ya matofali, dirisha lake limezibwa kwa bati. Mjane alimfuata sasa hatua kwa hatua.

"Humu mna nini?"

"Mbolea, Afande. Ya serikali. Inanuka, hutapenda."

Mlangoni palikuwa na kipete cha kufuli, lakini kufuli halikuwapo. Inspekta alisukuma mlango. Haukwenda. Alisukuma kwa bega. Ulitikisika kidogo kwa chini, kwa juu haukutikisika kabisa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "stoo isiyo na kufuli nje, na haifunguki. Mbolea imejifungia komeo?"

Mjane alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akashika kichwa kwa mkono wake mmoja mzima. "Afande, nakuomba. Kwa ajili ya Mungu. Watoto wanakaribia kutoka shule."

Inspekta hakuwa akimsikiliza tena. Alisogeza mdomo karibu na ubao wa mlango, akazungumza na mlango.

"Wewe uliye ndani, mimi ni Inspekta. Sitavunja. Nataka tu usikie. Mtu uliyemshikia bomba Jumatatu anapelekwa kwa hakimu kesho asubuhi. Ameulizwa alikuwa wapi, hajasema. Ameulizwa siku zote hizi, hajasema. Hatasema. Akinyongwa, atanyongwa kwa ajili yako, na wewe utaendelea kukaa humo na mbolea yako."

Nyuma ya ubao Inspekta alisikia pumzi ya mtu, yenye mluzi ndani yake. Komeo likavutwa.

Aliyetoka aliziba macho kwa kiganja. Alikuwa na ndevu za kukatwa kwa mkasi butu, na ngozi yake ilikuwa imepauka kwa kukosa jua. Alikuwa Fundi mwingine, mkubwa kidogo, mpana kidogo mabegani.

"Mama yangu!" Sajini alirudi nyuma hadi akagonga banda, kuku wakapiga kelele. "Mimi nilikuzika wewe! Nilitoa na rambirambi!"

"Samahani, Sajini," marehemu alisema. "Ulizika mfuko wa saruji ulioganda."

* * *

Waliketi jikoni, mlango umefungwa. Mume alieleza, na mke alikuwa akitazama nje kupitia ufa.

Wazo lilikuwa la Afisa Ruzuku. Mwaka juzi nyanya zilioza zote, na benki ilikuwa inataka shamba. Afisa aliwaambia mjane hupewa mara mbili, na pia shamba la mjane haliguswi mpaka watoto wakue. Cheti cha kifo angekitafuta yeye, na nusu ya ruzuku ingekuwa yake. Misimu miwili tu, alisema, kisha angemfufua: angeandika kwamba ofisi ilikosea, imechanganya majina, basi. Fundi aliambiwa ili abebe jeneza, asije mtu mwingine akashangaa uzito wake.

"Misimu ikapita," Inspekta alisema.

"Ikapita. Akataka ruzuku yote. Nikisema nitoke, anasema toka, tutaonana jela, wewe na mkeo. Ndugu yangu akaenda kumkabili dirishani. Ndio ule ugomvi."

"Na watoto?"

"Wakubwa wanajua. Mdogo amekua akiambiwa nimekufa. Akirudi kutoka shule nasikia anavyocheza hapo nje." Aliinama mbele mpaka mluzi wa kifua ukapungua. "Natoka giza likiingia. Jumatatu nilitoka mchana kwa sababu pampu ilikuwa imekufa, nyanya zinakauka, na huyu hana mkono. Mara moja tu, Afande. Mara moja tu nimeona jua, na siku hiyohiyo mtu akauawa."

Inspekta alikuwa akipiga hesabu zake. "Wewe ulikuwa na sababu ya kumuua kuliko mtu yeyote."

"Mimi?" Marehemu alicheka kicheko kikavu. "Yeye ndiye peke yake aliyekuwa na uwezo wa kunifufua. Amekufa, nimebaki humo milele. Nimemlilia kuliko mkewe. Na usidhani nimekufa peke yangu, Afande. Katika wilaya hii tuko wengi. Hakuna marehemu hata mmoja angemgusa mtu yule."

Hilo Inspekta aliliweka akilini. Muuaji basi alikuwa mtu mwenye jina lake, anayetembea mchana, aliyejua karakana ya Fundi iko wapi na aliyejua watu watamfikiria nani. Hiyo ilikuwa kazi ya kesho. Leo ilikuwa ya kumtoa mtu kwenye kamba.

"Utakuja kutoa ushahidi?"

Mke aligeuka kutoka kwenye ufa. "Akija, sisi wote tunafungwa. Unajua hilo, Afande. Mimi ndiye niliyeweka dole gumba kila msimu. Watoto watakaa na nani?"

"Najua."

"Unajua, halafu unatuomba!"

"Mficha maradhi kilio humuumbua, mama. Ningekuwa na njia nyingine ningekupa."

Marehemu alikuwa ameshasimama. Alivaa kofia ya mkewe ya shambani, akatafuta viatu, akakumbuka kwamba hana. Alivaa kandambili. Mkewe alimfunga kifungo cha juu cha shati kwa mkono wa kushoto, akishindwa na kurudia, na hakuna aliyemharakisha.

Garini, Inspekta alimweleza jambo alilokuwa hajalisema. "Mtu aliyeandikwa amekufa hafufuliwi kwa kauli yake mwenyewe. Ingekuwa hivyo, kila mwenye madeni angekufa na kurudi apendavyo. Sheria inataka ndugu wa damu akutambue mbele yangu. Mke hatoshi, maana ndiye aliyefaidika, na watoto hawajafikia umri. Bila hivyo, mimi nina mwanamume asiye na jina anayesema alishika bomba."

"Wazazi wamekufa," marehemu alisema. "Wao kwelikweli."

"Ndugu?"

"Mmoja tu. Unaye wewe."

* * *

Ushoroba wa mahabusu ulikuwa mwembamba, hauna dirisha, na mchana ule walikuwa wamepuliza dawa ya kunguni. Fundi alikuwa ameketi sakafuni. Alipoona nani amesimama nyuma ya nondo na kofia ya kike kichwani, uso wake haukubadilika hata kidogo. Inspekta alikuwa akiutazama uso huo tu, na alistaajabu.

"Simama," alisema. "Unamjua mtu huyu?"

"Simjui."

"Mtazame vizuri."

"Nimemtazama. Simjui."

"Mdogo wangu," marehemu alisema.

"Usiniite hivyo, bwana. Kaka yangu alikufa mwaka juzi. Nilibeba jeneza lake kwa bega hili, muulize Sajini." Aligeukia ukuta. "Afande, umemwokota wapi huyu? Watu wamechanganyikiwa na njaa siku hizi. Mrudishe ulikomtoa."

"Nimemweleza kila kitu," marehemu alisema. "Basi. Yamekwisha. Acha ukaidi."

"Simjui."

"Ukimkana, unanyongwa," Inspekta alisema. "Umeelewa? Sina kingine. Yeye ndiye kamba na yeye ndiye kisu. Nakuuliza mara ya mwisho, na jibu hili naliandika."

"Andika. Simjui."

Inspekta alifungua kalamu. Alihisi hasira inampanda, hasira ya kumchapa mtu makofi mpaka akubali kuishi. Kesho asubuhi angepanda kizimbani mtu asiye na hatia, na yeye ndiye angekuwa amebeba faili.

Marehemu alitaka kusema tena, lakini neno halikutoka. Alishika nondo. Mluzi wa kifuani ulikuwa umegeuka kuwa msumeno. Alifungua mdomo kuvuta hewa, akavuta ile dawa ya kunguni, mabega yakapanda na kushuka bila kitu kuingia. Kofia ilianguka. Magoti yakamlegea, na Sajini akawahi kumdaka.

"Mlaze!" Inspekta alisema. "Mlaze chini, mfungue shati!"

Sajini alimlaza chali sakafuni. Midomo ya mtu yule ikaanza kupoteza rangi. Alitupa mikono, akajaribu kuinuka, na Sajini kwa nia njema akamkandamiza. "Tulia, ndugu, tulia."

Ndani ya chumba Fundi alikuwa bado ameutazama ukuta. Kucha zake zilikuwa zinakwangua chokaa.

"Tulia," Sajini alisema tena. Miguu ya marehemu ikapiga sakafu, kandambili moja ikaruka.

"Msimlaze!" Fundi alipiga ukelele, akajirusha kwenye nondo. "Mkalisheni! Mkalisheni, mnamuua! Mwinamisheni mbele, mumkande mgongo! Halali chali huyo, tangu utoto halali chali, mama alikuwa anamkesha amemwegemeza ukutani! Mtoeni kwenye dawa hiyo!"

Sajini alimwinua, akamketisha, akamwegemeza kwenye nondo na kumkanda. Fundi alipitisha mikono yote miwili katikati ya chuma, akamshika mabegani kutoka nyuma, akamwinamisha mwenyewe. "Polepole. Toa kwanza. Toa, usivute. Toa. Ndiyo hivyo. Tena."

Ilichukua muda. Hewa ilirudi kidogo kidogo, kisha zaidi. Hakuna aliyezungumza ila Fundi, na Fundi alikuwa akisema toa, toa, mpaka msumeno ukawa mluzi tena.

Hapo ndipo alipoinua macho, akaona kalamu.

"Afande," alisema. "Usiandike."

"Andika," kaka yake alisema kwa sauti isiyo na nguvu.

"Wana watoto watatu, Afande. Mimi sina mtu. Hesabu tu mwenyewe. Usiandike, nakuomba, nakupigia magoti."

Alikuwa ameshapiga magoti, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa amemshika kaka yake. Inspekta aliandika. Aliandika jina la marehemu, na mbele yake akaandika kwamba yu hai, ametambuliwa na mdogo wake wa tumbo moja, mbele ya Inspekta na Sajini. Aliandika hadi mwisho, akatia saini.

"Sajini, mfungulie huyu aende," alisema. "Na mlango usiufunge. Kuna wa kuingia."